Uzi: Kalsiamu ndani ya seli ya moyo, na kwa nini kulegea ndiko kunakoushinda

MkufunziNgara

Hamjambo wanajukwaa. Katika uzi wa presha uliofungwa juzi, mwenzetu mmoja alidai kwamba, kwa kuwa kalsiamu ndiyo inayoufanya moyo ujikaze, mtu mwenye moyo dhaifu anapaswa kunywa maziwa kwa wingi na kumeza vidonge vya kalsiamu, na kwamba dawa za kuzuia kalsiamu ambazo wazee wetu hupewa kwenye kliniki za presha hapa Nairobi zinaunyima moyo riziki yake. Waliomuunga mkono hawakuwa wachache, na kwa kweli nusu ya kwanza ya hoja yake haina dosari. Kasoro iko kwenye hitimisho.

Mimi hufundisha fiziolojia katika chuo cha mafunzo ya afya, na mada hii huwatatiza wanafunzi wangu kuliko nyingine yoyote ya somo la moyo, kwa sababu vitabu vingi hutumia kurasa kadhaa kueleza jinsi kalsiamu inavyoingia kazini na aya moja tu kueleza jinsi inavyoondoka. Msimamo wangu ni huu: seli ya moyo haina shida ya kupata kalsiamu, kwa maana imezungukwa nayo tele. Shida yake ni kuiondoa, tena upesi, tena kwa gharama, mara zipatazo 100,000 kila siku, na maradhi mengi ya moyo huanzia hapo.

Nitaanza na Sydney Ringer, ambaye jina lake limeandikwa kwenye mifuko ya dripu katika wadi zetu zote. Ringer alikuwa daktari jijini London, na pembeni ya kazi ya kutibu alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kupitishiwa maji ya chumvi. Mwaka 1882 alichapisha kwamba moyo huo uliendelea kupiga vizuri kwa maji yale. Baadaye akabaini kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyokenekwa, kama alivyodhani, bali yalikuwa maji ya bomba ya kampuni ya New River. Alipochanganya chumvi ileile katika maji yaliyokenekwa kikweli, kila pigo lilikuja likiwa hafifu kuliko lililotangulia, mpaka ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu, ikatulia kabisa. Akaongeza chumvi kidogo ya kalsiamu, na pigo likarudi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1883.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo husimuliwa. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba katika andiko hilohilo Ringer alieleza kuwa kalsiamu ikiachwa peke yake, bila potasiamu ya kuikabili, mapigo huwa mapana kiasi cha kuungana, na ventrikali huelekea kukakamaa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuthibitisha kwamba moyo hauwezi kujikaza bila kalsiamu ndiye pia aliyeona kwamba kalsiamu isiyodhibitiwa huuzuia moyo kulegea. Moyo usiolegea haujazi damu, na usiojaza hauna cha kusukuma.

MkufunziNgara

Naendelea. Naomba mnivumilie kwa tarakimu chache.

Nje ya seli ya moyo, kalsiamu huru ni zaidi kidogo ya milimoli 1 kwa lita. Ndani ya seli, moyo ukiwa umelegea, ni takriban nanomoli 100 kwa lita, yaani pungufu mara 10,000. Tofauti hiyo haidumu yenyewe, bali inalindwa kila dakika. Ikilegezwa kidogo tu, kalsiamu hufurika kwa nguvu mbili, ule wingi wake wa nje na umeme hasi wa ndani ya seli unaoivuta.

Wimbi la umeme linapopita kwenye utando wa seli, milango ya kalsiamu inayoitwa ya aina ya L hufunguka, mingi ikiwa kwenye mirija midogo inayozama kutoka juu ya utando hadi kilindini mwa seli. Kalsiamu inayoingia hapo ni kidogo na haitoshi kuukaza msuli. Lakini hatua chache mbele, ng'ambo ya mwanya usiozidi nanomita 20, liko ghala la kalsiamu la ndani ya seli, na kwenye ukuta wake yamepangwa malango makubwa yanayoitwa vipokezi vya rianodini. Kalsiamu kidogo ile iliyoingia huyagusa, nayo hufunguka na kumwaga kalsiamu nyingi. Kalsiamu huita kalsiamu. Alexandre Fabiato ndiye aliyeutetea utaratibu huu kwa majaribio makini ya miaka ya 1970 na 1980, akitumia seli zilizoondolewa utando wa nje.

Mwaka 1993 Heping Cheng, Jonathan Lederer na Mark Cannell walionyesha jambo hili likitendeka mbele ya macho. Walitia ndani ya seli ya moyo wa panya rangi inayong'aa inapokutana na kalsiamu, wakaitazama kwa hadubini ya leza. Seli ikiwa imetulia, bila pigo lolote, palionekana vimulimuli vidogo vikiwaka hapa na pale, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita mbili hivi na kuzimika baada ya makumi machache ya milisekunde. Waliviita cheche. Pigo kamili la moyo ni maelfu ya cheche zinazowashwa kwa pamoja na wimbi la umeme. Cheche inayowaka peke yake, wakati usio wake, ndiyo tutakayoirudia tukifika kwenye maradhi.

Kalsiamu iliyomwagwa hushika troponini, protini iliyogunduliwa na Setsuro Ebashi na wenzake huko Japani katika miaka ya 1960. Troponini ikishikwa, husogeza uzi wa tropomiosini unaoziba aktini, na miosini (hizi mbili ndizo nyuzi za msuli zinazovutana) ikapata mahali pa kushika na kuvuta. Huko ndiko kujikaza.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya sehemu ya sekunde, kalsiamu yote iliyomwagwa lazima iondolewe, la sivyo pigo lifuatalo litaikuta ventrikali bado imekaza. Katika moyo wa binadamu, takriban asilimia 70 hurudishwa ghalani na pampu iitwayo SERCA, ambayo huchoma molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwa kila ayoni mbili inazorudisha. Sehemu kubwa ya inayobaki hutolewa nje ya seli na kibadilishanaji cha sodiamu na kalsiamu, kinachoingiza ayoni tatu za sodiamu kwa kila ayoni moja ya kalsiamu kinayoitoa. Aishiye katika ghorofa za Pipeline au Umoja hapa Nairobi anaelewa mpango huu bila chaki: maji hushuka kutoka kwenye tangi la paani yenyewe, ila kuyapandisha tena ni pampu na bili ya stima, na pampu ikichoka au tangi likivuja hakuna faida ya kumwagulia maji zaidi uani.

Karibu theluthi moja ya nishati ya seli ya moyo hutumika kwenye pampu za namna hii. Ndiyo maana mshipa wa moyo unapoziba na oksijeni kupungua, uwezo wa kulegea hudhoofika kabla ya uwezo wa kujikaza.

Pampu ya SERCA ina breki yake, protini ndogo inayoitwa fosfolambani. Adrenalini inapofika, breki hiyo huachiliwa. Mtu anayekimbilia matatu pale Kencom huongezewa nguvu ya pigo, ndiyo, lakini huongezewa pia kasi ya kulegea, kwa kuwa moyo unaopiga mara 150 kwa dakika hauna muda wa kujaza usipolegea upesi.

MwanafunziChiromo

Ahsante sana, Mkufunzi. Nina swali moja. Tulifundishwa kwamba msuli wa mguu nao hutumia kalsiamu, troponini na vipokezi vya rianodini. Mbona basi msuli wa mguu hautulii kama moyo wa chura unapokosa kalsiamu ya nje?

MkufunziNgara

Swali zuri, nami nitalijibu kwa ufupi. Katika msuli wa mguu au mkono, mlango wa utando na lango la ghala vimegusana kimwili, kwa hiyo umeme ukipita mlango hulivuta lango moja kwa moja, na msuli huweza kuendelea kujikaza kwa muda hata kama nje hakuna kalsiamu. Katika moyo hakuna mguso huo, na lango husubiri mjumbe, yaani kalsiamu inayoingia kutoka nje. Kwa sababu hiyo dawa za kuzuia milango ya kalsiamu hazimlegezi mgonjwa miguu wala mikono.

MamaWawili

Habari zenu wanangu. Nimesoma polepole na mengi nimeyaelewa. Mimi ni mtu wa miaka zaidi ya sitini, natumia amlodipini kila jioni kwa ajili ya presha, na presha imeshuka. Lakini vifundo vya miguu vimevimba, hasa jioni, na viatu vya kanisani havinitoshi tena. Jirani yangu ameniambia kwamba hiyo ni dalili ya moyo kulegezwa na dawa, kwa sababu inazuia kalsiamu. Je, niiache?

MkufunziNgara

Shikamoo Mama. Usiiache kwa uamuzi wako peke yako, bali mweleze anayekutibu, kwa sababu uvimbe wa miguu una vyanzo vingi, na ni lazima akupime kwanza athibitishe kwamba moyo na figo ni salama. Hata hivyo, uvimbe unaotokana na amlodipini una maelezo yake.

Milango ya kalsiamu ya aina ya L ipo kwenye moyo na ipo pia kwenye kuta za mishipa ya damu. Amlodipini hushika zaidi ile ya mishipa. Sababu mojawapo ni kwamba dawa za kundi hilo hupenda kuushika mlango ukiwa katika hali ya kuzimwa, hali ambayo hutokea zaidi kwenye seli za mishipa, ambazo umeme wake wa ndani si hasi sana. Seli ya ventrikali, moyo ukiwa umepumzika, huwa karibu na hasi 85 kwa kipimo cha milivolti, na hapo dawa haipati mshiko mzuri. Kwa hiyo mishipa midogo ya ateri hulegea, presha hushuka, na moyo hupata ahueni kwa kuwa unasukuma damu dhidi ya upinzani mdogo. Lakini vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, hazilegei kwa kiwango sawa. Damu huingia kwa wingi kwenye kapilari, vijishipa vyembamba vilivyo kati ya ateri na vena, na kutoka kwa shida, hivyo maji husukumwa nje ya mishipa, na kwa kuwa mtu hushinda amesimama au ameketi, hukusanyika kwenye vifundo. Dawa za kukojoza huwa hazisaidii sana uvimbe wa aina hii. Madaktari wengi hupunguza kipimo au huongeza dawa ya kundi lingine, kama vile losartani, ambayo hulegeza na upande wa vena.

Niongeze kwamba dawa hizi hazikuletwa Afrika kwa kubahatisha. Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba verapamili na wenzake hufanya kazi kwa kuizuia kalsiamu. Kisha mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanywa kwa watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Mchanganyiko wowote uliokuwa na amlodipini, uwe pamoja na haidroklorothiazidi (dawa ya kukojoza) au pamoja na perindoprili (dawa nyingine ya presha), ulishusha presha kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Anayewaambia wazee waache amlodipini ajue anawaondolea dawa iliyopimwa kwa watu wa kwetu.

Onyo moja linahitajika. Verapamili na diltiazemu ni za ukoo wa kuzuia kalsiamu lakini zina tabia tofauti, kwa sababu hizo huugusa moyo wenyewe, huchelewesha umeme unaotoka atria, vyumba vya juu vya moyo, kwenda ventrikali na hupunguza nguvu ya pigo. Mtu ambaye moyo wake tayari unasukuma kwa udhaifu hapaswi kupewa.

MamaWawili

Marahaba, mwanangu. Nitakwenda kliniki Jumanne.

NesiWaUsiku

Mkufunzi, naomba uniunganishie jambo hili na lile tunalofanya wadini. Usiku mmoja tulipokea mgonjwa wa figo aliyekosa mizunguko ya dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Kipimo cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, kilionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka kama mikuki, na mchoro wa ventrikali ulikuwa umetanuka mno. Daktari aliagiza kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, ichomwe polepole kwenye mshipa. Nilikuwa nimesimama pale nikiangalia skrini, na kabla sindano haijaisha mchoro ulianza kukonda, ukarudi kufanana na wa mtu mzima wa afya. Tulipopima damu tena, potasiamu iliyokuwa imezidi ilikuwa ileile. Ikiwa kalsiamu ni hatari kwa moyo, iweje hapo imwokoe mtu?

MkufunziNgara

Dada Nesi, umeleta mfano bora kuliko wowote nilionao darasani, kwa sababu unaonyesha kwamba kalsiamu ina kazi mbili mahali pawili.

Hapo haikuokoa kwa kuingia ndani ya seli na kuukaza moyo. Ilifanya kazi ikiwa nje, juu ya utando. Potasiamu ikizidi, umeme wa ndani ya seli husogea karibu mno na kizingiti cha kuwasha pigo, na milango mingi ya sodiamu hubaki imezimwa, kwa hiyo wimbi la umeme hutambaa badala ya kukimbia, na ndiyo maana mchoro ulitanuka. Kalsiamu ya nje husogeza kizingiti hicho mbali tena na kuipa milango nafasi ya kurejea kazini. Potasiamu haiguswi kabisa, jinsi ulivyoona. Nafuu hiyo hudumu dakika 30 hadi 60 tu, na ndiyo sababu daktari hufuatisha insulini pamoja na glukosi ili potasiamu iingie ndani ya seli, kisha dialisisi iiondoe mwilini.

Mfamasia254

Ninaheshimu maelezo haya yote, lakini nina pingamizi. Mkufunzi anasema kwamba tatizo ni kuondoa kalsiamu, si kuipata. Digoksini huongeza kalsiamu ndani ya seli ya moyo, nasi tumekuwa tukiwapa wagonjwa wenye moyo dhaifu tangu enzi za William Withering, daktari wa Uingereza aliyeandika mwaka 1785 kuhusu mmea wa kundi la dawa hii. Kama nadharia yako ni sahihi, digoksini ilipaswa kuwaua wote. Hata milrinoni, dawa ya kuongeza nguvu ya pigo, huwanyanyua wagonjwa walio mahututi. Je, si kweli kwamba moyo uliochoka unahitaji kusukumwa?

MkufunziNgara

Pingamizi lako ni la haki, ndugu Mfamasia, na historia ya dawa hizo mbili ndiyo ushahidi wangu mkuu.

Digoksini haigusi kalsiamu moja kwa moja. Huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu, ile iliyompatia Jens Skou wa Denmaki tuzo ya Nobel mwaka 1997. Sodiamu ikilundikana ndani ya seli, kile kibadilishanaji nilichokitaja hukosa msukumo wa kuitoa kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu zaidi hubaki na kupelekwa ghalani. Ghala likishiba, pigo lijalo huwa na nguvu. Mpaka hapo tunakubaliana. Lakini ghala lililoshiba kupita kiasi huanza kumwaga bila kuamriwa, yaani zile cheche za wakati usio wake. Kalsiamu hiyo inapotolewa nje, kila ayoni moja yenye chaji mbili hubadilishwa kwa ayoni tatu za sodiamu zenye chaji tatu, hivyo seli hubaki na ziada ya chaji moja chanya kila mara. Ziada hizo zikijumlika, zinaweza kufika kizingiti na kuwasha pigo ambalo hakuna aliyeliagiza. Mgonjwa wa digoksini aliyezidisha kipimo, au ambaye potasiamu yake imeshuka kwa sababu ya furosemidi, dawa ya kukojoza, au ambaye figo zake zimepungua nguvu, anaweza kufa kwa mapigo hayo.

Sasa matokeo. Utafiti mkubwa wa digoksini, uliochapishwa mwaka 1997 na kuhusisha wagonjwa 6,800 wa moyo kushindwa, ulionyesha kwamba waliomeza digoksini walilazwa hospitalini mara chache zaidi, lakini hawakuishi muda mrefu kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Milrinoni ya kumeza ilijaribiwa katika utafiti wa PROMISE wa mwaka 1991, wagonjwa 1,088, na vifo viliongezeka kwa asilimia 28. Hiyo ni dawa iliyobuniwa makusudi kuuongezea moyo nguvu. Kwa mgonjwa mahututi, kwa saa au siku chache, akiwa chini ya uangalizi, milrinoni ya mshipani bado ina nafasi yake, nami siipingi.

Linganisha na dawa za kuzuia beta, ambazo kwa miongo mingi zilikatazwa kwa wagonjwa wa moyo dhaifu kwa hoja ileile kwamba zinaunyima nguvu. Mwaka 1999 utafiti wa CIBIS-II ulionyesha kwamba bisoprololi ilipunguza vifo vya wagonjwa hao kwa takriban theluthi moja. Dawa inayoupunguzia moyo kelele za adrenalini, na kuuacha ulegee kwa muda mrefu zaidi kati ya pigo na pigo, ndiyo iliyorefusha maisha. Zipo nadharia zaidi ya moja za namna inavyofanya hivyo. Ile inayodai kwamba adrenalini ya kudumu huyafanya malango ya rianodini yavuje ina watetezi hodari na wapinzani hodari, nami sitaifundisha kana kwamba imekwisha kuthibitishwa.

Mfamasia254

Nimeridhika kuhusu milrinoni. Kuhusu digoksini, bado naiona ina manufaa kwa yule mwenye mpapatiko wa atria ambaye mapigo yake hayashuki kwa dawa nyingine, ilmradi figo na potasiamu vipimwe.

MkufunziNgara

Kwa huyo nakubaliana nawe kabisa, na huko husaidia kwa njia ya neva, si kwa kujaza ghala.

KochaKasarani

Naomba kuuliza. Mimi hufundisha riadha shuleni. Nina mwanafunzi aliyeanguka mara mbili, zote akiwa katika mita 800, na mara nyingine alipozimia alikuwa ameshtushwa na kelele ya kengele ya moto. ECG aliyopimwa akiwa amelala ilikuwa safi. Ameandikiwa dawa za kifafa na wazazi wameambiwa aendelee na mazoezi. Niliposoma habari ya cheche za wakati usio wake nilishtuka.

MkufunziNgara

Ndugu Kocha, mimi si daktari wake na sitamtolea hukumu hapa, lakini jambo la kwanza ni kumsimamisha mazoezi leo, kabla ya uchunguzi. Kuzimia wakati mtu anakimbia, tofauti na kuzimia baada ya kukimbia au akiwa amesimama gwaride juani, ni dalili ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Upo ugonjwa wa kurithi ambao wasomaji wa uzi huu sasa wanaweza kuuelewa. Lango la rianodini la moyo hujengwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo RYR2, na mwaka 2001 ilibainika kwamba kasoro za jeni hiyo husababisha mapigo ya hatari ya ventrikali yanayoamshwa na adrenalini pekee. Mtu akiwa ametulia lango hujifunga sawasawa, kwa hiyo ECG ya kitandani huwa ya kawaida na hata picha ya moyo ya mawimbi ya sauti huonyesha moyo usio na kasoro. Akikimbia, akiogelea au akishtuka, ghala hujaa kwa sababu breki ya SERCA imeachiliwa, na lango lenye kasoro huvuja. Wengi wa watoto hawa huanza kwa kuitwa wagonjwa wa kifafa. Kinachofichua ugonjwa ni ECG inayochukuliwa mtu akikimbia kwenye mashine ya mazoezi, mbele ya daktari, vifaa vya kuushtua moyo vikiwa tayari. Tiba ya kwanza ni dawa za kuzuia beta, kama vile nadololi, na wengine huongezewa flekainidi.

Inawezekana pia kwamba mwanafunzi wako ana jambo lingine, kama vile unene wa kurithi wa misuli ya moyo au ugonjwa wa valvu unaotokana na homa ya baridi yabisi. Yote yanahitaji daktari wa moyo, na yote yana hatari katika mita 800.

KochaKasarani

Nimempigia mzazi. Hatakimbia. Tunaomba barua ya rufaa kwa daktari wa moyo wa watoto kesho asubuhi.

MwanafunziChiromo

Samahani kurudi tena. Ikiwa katika moyo ulioshindwa pampu ya SERCA imepungua, kwa nini wasiongeze hiyo pampu?

MkufunziNgara

Walijaribu. Katika utafiti ulioitwa CUPID 2, wagonjwa 250 walipewa jeni ya SERCA iliyobebwa na kirusi kisicho na madhara, au kimiminika kisicho na dawa. Jaribio dogo lililotangulia lilikuwa limeleta matumaini makubwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 hayakuonyesha faida. Wachunguzi walipopima sampuli chache za misuli, walikuta jeni iliyofika kwenye seli ni kidogo mno, kwa hiyo mimi husema kwamba kilichoshindwa ni usafirishaji, na wazo lenyewe halijapata kupimwa ipasavyo.

Kupungua huko kwa pampu unakuona kila siku bila maabara. Henry Bowditch, akifanya kazi Leipzig mwaka 1871, aliona kwamba msuli wa moyo ukiongezewa kasi ya mapigo huongeza pia nguvu ya kila pigo, ngazi kwa ngazi. Sababu ni kwamba mapigo ya haraka huingiza kalsiamu zaidi, na pampu nzima huiweka ghalani. Moyo ulioshindwa hufanya kinyume: kasi ikiongezeka, nguvu ya kila pigo hupungua au husimama palepale, kwa sababu pampu haimudu na kalsiamu hubaki imesambaa ndani ya seli. Mgonjwa akiwa ameketi sebuleni hana malalamiko. Mpandishe daraja la watembea kwa miguu la Thika Road, naye atashika chuma katikati ya ngazi akitafuta pumzi.

MkufunziNgara

La mwisho kutoka kwangu, kuhusu maziwa na vidonge, kwa sababu ndilo lililoanzisha mjadala.

Zaidi ya asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Kiasi kilicho kwenye damu hulindwa na tezi za parathiroidi, vitamini D na figo, kwa hiyo glasi ya maziwa au bakuli la sukuma haibadilishi kile kinachoogelea nje ya seli ya moyo, sembuse kilicho ndani yake. Maziwa ni chakula kizuri kwa mifupa, basi. Kalsiamu inayoonekana kwenye kuta za mishipa ya moyo katika picha ya CT nayo ni suala jingine: huo ni mgando wa makovu ya mafuta na uvimbe, na hauna uhusiano na kalsiamu inayoamuru pigo.

Damu ikipungukiwa kalsiamu kwelikweli, kwa mfano baada ya upasuaji wa tezi ya shingo, ECG hurefuka sehemu ya QT (muda tangu ventrikali kuwashwa hadi kurejea kwenye utulivu) na mapigo huweza kuvurugika, na huyo hutibiwa kwa kalsiamu bila mjadala. Ila mtu anayenunua vidonge vya kalsiamu na vitamini D dukani bila kupimwa, huku anatumia haidroklorothiazidi kwa ajili ya presha, ajue kwamba dawa hiyo huzuia figo kutoa kalsiamu kwenye mkojo, na vyote vikijumlishwa kalsiamu ya damu huweza kupanda. Akiwa anatumia na digoksini, hatari huongezeka. Kabla ya kununua chupa ya pili, aende apimwe kalsiamu, potasiamu na figo, na abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja ili anayemhudumia azione pamoja.